Una Kisukari na Unataka Mtoto? Anza Kabla ya Mimba

Kama uko jikoni, epua sufuria kidogo usogee karibu na redio. Kama una kalamu na karatasi, viweke tayari, maana leo kuna nambari chache na majina ya dawa ambayo ningependa uyaandike.

Juma lililopita nilipata ujumbe mfupi wa simu kutoka kwa msikilizaji wetu mmoja. Anasema ana umri wa miaka 29, na ameishi na ugonjwa wa kisukari kwa miaka sita. Ameolewa, huu ni mwaka wa pili. Mama mkwe amekwisha kuuliza mara tatu habari za mjukuu. Pale nyumbani hakuna anayejua kwamba yeye ni mgonjwa ila mumewe peke yake. Insulini yake hujidunga chooni, mlango ukiwa umefungwa. Swali lake ni fupi tu: je, mimi naweza kuzaa?

Dada yangu, jibu ni ndiyo. Wanawake wengi wenye kisukari, wa aina ya kwanza na wa aina ya pili, huzaa watoto wazima na kuwalea. Lakini ndiyo hiyo ina sharti lake, na sharti hilo ndilo mazungumzo yetu ya leo. Mimba yako isikukute hujajitayarisha. Sehemu kubwa ya kazi hufanywa kabla ya mimba kuingia, si baada ya tumbo kuonekana.

Huenda ukauliza, kwani haraka ni ya nini? Si kliniki ya wajawazito ipo? Hebu tuhesabu siku pamoja. Ukichelewa kupata hedhi kwa wiki mbili tu, wakati ambapo wengi wetu bado tunasema pengine ni uchovu au ni baridi, tayari ule mrija mdogo unaogeuka kuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto umekwisha kufungika. Moyo wake umeanza kupiga. Kufikia mwezi wa tatu, viungo vyote vikuu vimekwisha kuumbika, na kinachobaki ni kukua. Sasa sukari ya mama hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto. Insulini ya mama haipiti. Kwa hivyo sukari ikiwa juu katika zile wiki za kwanza, mtoto anaumbwa ndani ya sukari nyingi, na hapo ndipo hutokea kasoro za moyo na za uti wa mgongo, au mimba kuharibika. Na wewe ukifika kliniki mwezi wa tano, kama ilivyo desturi ya wengi, sisi wauguzi tunaweza kusaidia mambo mengi, lakini hatuwezi kurudi nyuma tukaumba moyo upya.

Kuna jambo nataka kuwaambia ambalo si rahisi kulisema redioni. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa katika chumba cha kupanga uzazi, katika kituo ambacho sitakitaja. Mama mmoja alikuja akitaka kutolewa kijiti cha mkononi. Nilikitoa vizuri, nikafunga bendeji, nikaandika katika rejista, nikamtakia mema. Sikumwuliza kama ana ugonjwa wowote wa kudumu. Naye hakusema, kwa sababu ugonjwa wake ulikuwa na kliniki yake, siku ya Jumanne, upande wa pili wa uwanja. Alirudi akiwa na mimba ya miezi minne na sukari ya 17. Tena alikuwa bado anameza dawa ya presha ambayo haifai kabisa kwa mjamzito. Mtoto alizaliwa na tatizo la moyo, akaishi siku tisa. Katika kliniki ya kisukari hakuna aliyekuwa amemwuliza kama anataka kuzaa. Katika chumba changu hakuna aliyemwuliza kuhusu sukari, na huyo hakuna ni mimi. Tangu siku hiyo kila anayekuja kutolewa kijiti au koili namwuliza kwanza. Lakini siwezi kuwa katika kila chumba, kwa hivyo nakuomba wewe mwenyewe useme, hata usipoulizwa. Sema hivi: mimi nina kisukari na nataka mtoto mwaka ujao. Maneno hayo yanatosha kuanzisha kila kitu.

Sasa tuingie katika matayarisho yenyewe. Jipe miezi mitatu hadi sita. Na katika miezi hiyo usiache kupanga uzazi. Hili linawachanganya akina mama wengi, wanaona kama ni kinyume: nataka mtoto, mbona naambiwa niendelee na kinga? Ni kwa sababu wewe ndiwe utakayechagua siku ya kuacha, na siku hiyo ni pale sukari itakapokuwa imetulia. Mwenye kisukari ambaye macho, figo na mishipa yake ni mizima anaweza kutumia karibu njia zote. Lakini ikiwa ugonjwa umekwisha kugusa macho au figo, au umekaa nao zaidi ya miaka 20, zile tembe za kawaida za kila siku zenye homoni mbili na sindano ya miezi mitatu kwa kawaida hatukupi. Koili au kijiti ni bora zaidi kwako. Na kama unatumia ile sindano, ujue kwamba uzazi unaweza kuchelewa miezi mingi kurudi baada ya kuiacha, ila pia unaweza kurudi mapema, kwa hivyo usiitegemee kuchelewa kwake. Tumia kondomu hadi uwe tayari.

Kipimo cha kwanza cha kuomba ni kile cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari yako kwa muda wa miezi mitatu hivi iliyopita. Kwenye karatasi ya maabara huandikwa HbA1c. Kile cha kudunga kidole kinakuambia habari za asubuhi ya leo tu, na wote tunawajua wagonjwa wanaofunga kula vizuri siku mbili kabla ya kliniki ili daktari asigombe! Hiki cha miezi mitatu hakidanganyiki hivyo. Tunatafuta kiwe chini ya 6.5 kwa mia kabla hujaacha kinga, mradi unaweza kufika hapo bila sukari kukushuka ovyo. Kama inakushuka ovyo, daktari atakuwekea lengo lako, kwa kawaida karibu na 7. Kikiwa 10 au zaidi, tafadhali endelea kupanga uzazi kwanza. Lakini usikate tamaa ukiona nambari kubwa. Kushuka kutoka 10 hadi 8 tayari kumepunguza hatari kwa mtoto, na kutoka 8 kwenda 7 kumeipunguza tena. Neno moja kwa wenzetu wa Pwani, Nyanza na Magharibi: kama una ugonjwa wa selimundu, au umepungukiwa sana na damu, kipimo hiki kinaweza kutoa jibu lisilo la kweli. Mwambie anayekupima.

Nyumbani, kabla ya kula, sukari iwe kati ya 4 na 7. Saa mbili hivi baada ya kula iwe kati ya 5 na 9. Najua tatizo liko wapi, ni vile vijikaratasi vya mashine. Bei yake inaumiza, na mtu akiambiwa apime mara nne kwa siku anaacha kupima kabisa. Kama huna uwezo wa kupima kila mara, fanya hivi. Jumatatu pima asubuhi kabla ya chai. Jumatano pima saa mbili baada ya chakula cha mchana. Ijumaa pima kabla ya chakula cha jioni. Jumapili pima wakati wa kulala. Juma linalofuata zungusha tena. Andika kila nambari katika daftari ya mtoto ya shule, pamoja na ulichokula. Baada ya mwezi mmoja daktari akiangalia ataona saa ambayo sukari yako hupanda, na vijikaratasi 16 vimefanya kazi. Kama unatumia insulini utahitaji zaidi ya hapo, hasa siku dozi inapobadilishwa. Na kama huna mashine kabisa, muulize mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako. Tangu Septemba 2023 wahudumu hao walianza kupewa mikoba yenye mashine ya kupima sukari na ya presha. Wengine hawajawahi kuombwa kuitumia.

Ukianza kubana sukari, itakushuka siku moja. Utatetemeka, utatoka jasho, moyo utakimbia, utakasirikia watoto bila sababu. Ikiwa chini ya 4, weka vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari katika maji nusu gilasi, unywe, ungoje dakika 15, upime tena. Kisha kula kitu, kama kipande cha mkate au ndizi. Mfundishe mume wako, na mfundishe mtoto mkubwa pale nyumbani. Na waambie kwamba ukizimia wasikutie kitu chochote mdomoni. Wakulaze ubavu, watafute gari. Ndiyo maana nasema ile siri ya chooni ni ya hatari, dada yangu. Mama mkwe asiyejua kwamba una kisukari atakuona unatetemeka na kusema maneno makali, atasema umepagawa au umelewa, na dakika zinapita. Si lazima umwambie kila kitu siku moja. Mume aanze kuzungumza naye, maana ni mama yake.

Sasa kalamu. Kuna dawa ambazo watu wengi wenye kisukari wamepewa kwa sababu nzuri, lakini ambazo hubadilishwa kabla ya mimba. Angalia pakiti zako. Za presha na za kulinda figo ni kama enalapril, captopril, lisinopril na losartan. Ya kupunguza mafuta katika damu ni kama atorvastatin. Ukiona mojawapo, usiitupe. Narudia, usiitupe, kwa sababu presha ikipanda bila dawa itakuumiza wewe kabla hata ya mimba. Nenda nayo kliniki, mwambie daktari kwamba unatayarisha mimba, atakupa nyingine inayofaa kama vile methyldopa au nifedipine. Kwa upande wa sukari, insulini ni salama kwa mtoto, na metformin kwa kawaida huweza kuendelea. Tembe nyingine za sukari, daktari mara nyingi huzibadilisha na insulini. Najua insulini inaogopwa. Wapo wanaosema ukifika kwenye sindano umefika mwisho. Si kweli. Kwa mama anayetaka mtoto, sindano ile ndiyo inayomlinda mtoto, tena unaweza kurudia tembe baadaye. Kama huna friji, chukua mtungi mdogo wa udongo, uweke ndani ya mtungi mkubwa, katikati jaza mchanga, na umwagilie mchanga huo maji asubuhi na jioni. Funika kwa kitambaa kilicholowa, uweke kivulini penye upepo. Ukiangalia tu chupa isiingie maji, joto la ndani litapungua vya kutosha.

Dawa nyingine ya kuanza mapema ni asidi ya foliki, ile tembe ndogo ya rangi ya manjano. Wengi mnajua tembe ya damu inayotolewa kliniki kwa wajawazito, yenye madini ya chuma na foliki pamoja. Ile ina foliki ya mikrogramu 400, na ni nzuri kwa kila mama. Lakini mwenye kisukari anahitaji zaidi, yaani miligramu 5 kila siku, kuanzia miezi mitatu kabla ya kupata mimba hadi mimba ifike wiki 12. Baada ya hapo unaacha hiyo kubwa, unaendelea na ile ya kliniki. Na hapa naomba wenzetu wanaoishi sehemu za malaria, Pwani na kando ya Ziwa, wasikilize kwa makini. Kule kliniki mjamzito hupewa tembe tatu za kuzuia malaria azimeze mbele ya muuguzi, kuanzia wiki ya 13. Foliki ya miligramu 5 huidhoofisha dawa hiyo isifanye kazi. Kwa hivyo ukifika wiki 12, acha kweli, na kabla ya kumeza zile tatu mwambie muuguzi ulichokuwa ukitumia.

Macho yachunguzwe kabla ya mimba. Siyo kusoma herufi ukutani tu, bali daktari au mtaalamu wa macho akutie matone na kuangalia mishipa midogo ya damu iliyo nyuma ya jicho. Mishipa hiyo ikiwa imeanza kuharibika, mimba inaweza kuiharibu kwa haraka, ilhali kabla ya mimba kuna nafasi ya kutibu. Figo nazo hupimwa kwa mkojo na damu, na presha hupimwa siku hiyo hiyo. Wapo wachache, hasa wenye figo zilizoharibika sana, ambao daktari atawaambia kwamba mimba ni hatari kwa maisha yao. Ni habari nzito, na ni afadhali kuisikia ukiwa umekaa na mumeo mbele ya daktari kuliko kuijua ukiwa na mimba ya miezi saba.

Chakula tumekizungumzia sana katika vipindi vilivyopita, sitarudia yote. Punguza ugali uwe kama ngumi yako, jaza nusu ya sahani mboga, weka maharagwe, ndengu, omena au yai. Chapati isiwe ya kila siku. Vita kubwa kwa wengi wetu ni chai. Mgeni akija ni chai ya sukari, ukienda chamani ni chai ya sukari, matangani ni chai ya sukari. Jifunze kusema mimi nanywa bila, na useme bila kujieleza.

Nina neno pia kwa wewe mama unayemlea msichana mwenye kisukari, yule aliyeanza insulini akiwa shule ya msingi na sasa ana miaka 17 au 20. Wengi wenu mnaambiwa na majirani kwamba huyo hataolewa, hatazaa. Na msichana anasikia. Akiamini kwamba hawezi kuzaa, hatajikinga, na mimba itamkuta sukari ikiwa juu. Mwambie mapema kwamba anaweza kupata mimba kama msichana mwingine yeyote, na kwamba akipanga atazaa vizuri. Mazungumzo hayo ni ya kwako, si ya mwalimu. Na siku ya posa ikifika, usimfiche mchumba. Nimeona ndoa zinazoanza kwa siri hiyo, na mwenye kulipa ni binti.

Na wewe ambaye unanisikiliza sasa hivi na mimba tayari imo, hukupanga, na moyo umeanza kwenda mbio kwa haya ninayosema? Tulia kwanza. Hatari kuongezeka si kusema kwamba mtoto wako ameharibika. Wengi huzaliwa wazima hata hivyo. Ila usingoje mwezi wa tano. Nenda juma hili, hata kama umechelewa siku kumi tu, ukiwa na pakiti zako zote za dawa mkononi. Usiache insulini hata kama unatapika na huli, kwa sababu hapo ndipo mwenye kisukari cha aina ya kwanza huzidiwa haraka. Ukitapika bila kupumzika, hiyo ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo. Utaonwa mara nyingi kuliko wajawazito wengine, na utazalia hospitali yenye daktari wa upasuaji na chumba cha watoto wachanga. Mtoto aliyezoea sukari nyingi ya mama hutengeneza insulini yake kwa wingi, akanenepa kupita kilo 4, mabega yakakwama njiani, na baada ya kuzaliwa sukari yake ikashuka ghafula. Hayo si ya kushughulikiwa nyumbani. Jisajili SHA mapema pia, maana kadi ile ya zamani ya NHIF iliachwa kutumika Oktoba 2024, na mlango wa wodi ya uzazi si mahali pa kuanza kutafuta usajili.

Yule mama niliyewaambia, wa kijiti, alirudi kwangu baada ya mwaka mmoja na nusu. Nilidhani amekuja kunilaumu. Alikuwa amekuja na daftari. Kurasa nyingi za nambari, nyingine kwa kalamu ya bluu, nyingine kwa penseli ya mtoto. Safari hii alisema kabla sijamwuliza. Tulimwekea kijiti kingine, akakaa nacho miezi minane, na HbA1c ikatoka 11 hadi 6.8. Daktari akasema sasa. Nikakitoa kijiti kwa mkono wangu mwenyewe. Msichana wake sasa yuko darasa la pili.

Msikilizaji wetu uliyeniandikia, nimekutumia jibu kwa simu kuhusu siku za kliniki ya kisukari iliyo karibu nawe. Mje wawili, na mje na pakiti za dawa. Juma lijalo, saa kama hii, tutazungumza kuhusu mama ambaye hakuwa na kisukari ila kimeonekana akiwa mjamzito, na kwa nini anapaswa kupimwa tena wiki sita baada ya kuzaa. Mimi ni muuguzi wenu wa afya ya jamii. Kwaherini.